Mume Wangu Alinitilia Pombe Kwenye Soda

Ndugu wasomaji, nina miaka arobaini na mmoja, nauza mitumba hapa Mkuyuni, Mwanza. Naandika nikiwa na hasira, na sitaki kuificha!

Nilikuwa mlevi. Mume wangu, Masanja, alipopunguzwa kazi kwenye shirika la umma, alifungua grosari ya kuuza bia mbele ya nyumba yetu Kiseke. Miaka hiyo kila mtu alikuwa akifungua biashara... Mimi ndiye niliyekaa kaunta. Wateja walininunulia bia, nikanywa mpaka nikawa siwezi kuianza siku bila kuionja.

Aliyenitoa huko ni Mama Anastazia, mjane wa jumuiya yetu kanisani. Naye aliwahi kunywa. Alinifundisha kuamka mapema, kukaa kwenye kigoda, kuvuta pumzi taratibu na kusema, "Bwana, nishike leo." Basi! Halafu nitulie, nisikilize.

Nikaacha kaunta, nikaanza kuuza mitumba. Kiu iliponishika sokoni, niliacha kukunja nguo, nikafumba macho, nikarudia maneno yale. Kidogo kidogo nikasimama. Binti yetu Vero akaanza tena kuleta rafiki zake nyumbani.

Masanja alichukia. "Siku hizi umekuwa padri?" alinikejeli. Wateja walikuwa wananiulizia, na grosari imepooza.

Siku ya kipaimara cha Vero, nyumba ilijaa wageni. Masanja akaniletea soda ya tangawizi kwenye glasi, anatabasamu. Ilinichoma koo, nikadhani ni tangawizi tu. Akaniletea ya pili... Ya tatu niliifuata mwenyewe kwake kaunta! Mwili ulishatambua kabla yangu.

Mengine nilisimuliwa. Nilicheza mbele ya wageni, kanga ikanidondoka, nikaangukia meza ya keki. Kesho yake Vero akaondoka na shangazi yake kwenda Sengerema. Hakuniaga.

Nilipombana Masanja, alicheka huku anapanga kreti. "Nilikuchangamsha tu! Ulikuwa kama maiti humu ndani."

Jamani, huyo ni mume au adui?

Nilimkimbilia Mama Anastazia. Nikamwambia sitasali tena. Mungu alikuwa wapi nilipokuwa nainua ile glasi?

"Kaa hapo umwulize," alisema.

"Nina hasira, mama! Nitamtukana."

"Kaa na hasira yako hiyo hiyo. Unadhani haijui?"

Nikakaa. Maneno mazuri sikuyapata. Nilivuta pumzi, nikalia, nikang'aka, nikavuta tena. Hasira haikuondoka. Lakini siku ile sikunywa!

Nilisali hivyo hivyo Kigongo nikisubiri kivuko, jirani yangu kwenye benchi akigida bia. Nilipofika Sengerema, Vero alisimama mlangoni. "Shikamoo mama," alisema, bila kusogea. Nikamweleza yote. Akatikisa kichwa... Mwanangu hakuniamini!

Ndipo wifi yangu akainamisha kichwa. "Mama yako anasema kweli. Nilimwona kaka akimimina."

Vero akamgeukia. "Shangazi, uliona ukanyamaza?"

"Ni kaka yangu, mwanangu..."

Vero aliingia ndani, akatoka na begi lake.

Sasa tunaishi chumba kimoja, mimi na yeye. Masanja ametuma wazee wanibembeleze nirudi. Nimekataa! Sijamsamehe, na kila asubuhi namwambia Mungu hivyo waziwazi. Sijui kama atanilainisha. Hiyo ni kazi yake.

Nawasihi, kama nyumbani kwako kuna mtu aliyeacha pombe, usimjaribu, hata kwa utani! Usiseme kidogo tu. Hujui anapigana na nini akiwa amekaa kimya mbele yako.

Na wewe unayepigana kuiacha, usingoje moyo utulie ndipo usali. Kaa chini na uchungu wako, vuta pumzi, sema lililo moyoni, hata kama ni kelele. Mimi nimekaa asubuhi hii nikiwa nimekunja ngumi...

Na leo sijanywa.