Mabamba ya Almasi ya Bunju

JUMATANO, MCHANA

"Almasi," Revelian alisema. "Ila msitegemee vito."

Walikuwa stoo nyuma ya bucha, Goba, watu wanne na feni mbovu. Revelian, kiongozi wao, alichora kwa chaki sakafuni karakana moja ya Bunju. Mle hutengenezwa mabamba ya viwanda vya kemikali. Kila bamba limepakwa utando wa almasi, mwembamba kuliko ganda la kitunguu, na juu ya almasi imepakwa platini. Kutu hailili. Kemikali zikilipitia zinageuka haraka. Mnunuzi alishapatikana.

"Mlinzi je?" Benson, dereva, aliuliza.

"Adhuhuri anaendaga msikitini. Nimemchora nyendo zake tangu Jumatatu. Ijumaa kuna hotuba, atakawia. Tunaingia Ijumaa."

Wote walikuwa watu wa kanisani, kama jambazi ana kanisa. Hakuna aliyewahi kusimama nje ya msikiti siku ya Ijumaa.

Didas alimtazama Jonas, mume wa dada yake. Asubuhi ile dada huyo, Monica, mjamzito tumbo liko mbele, alimkaba Didas kola: "Kaka, umemtoa wewe, umrudishe wewe. Mzima." Didas aliapa. 

IJUMAA, ADHANA

Kufuli liliwachukua hotuba nzima kukatika. Ndani, mabamba yalikuwa yamezamishwa kwenye beseni la kioo, juu ya meza.

"Toa," Revelian alimwamuru Jonas.

"Maji haya?"

"Maji. Fanya chap, bwana."

Jonas alizamisha mikono mpaka viwikoni. Yowe alilopiga, Didas hakuwahi kulisikia hata machinjioni. Glavu nyembamba za kuficha alama za vidole zilibanduka pamoja na ngozi. Ilikuwa asidi, ndiyo mafundi waliyojaribia mabamba yao. Yenyewe yaling'aa tu, hayana hata doa.

"Ulijua!" Didas alifoka.

"Ningesema, mngekuja?" Revelian alichomoa bastola. "Mnyamazishe, au nimnyamazishe mie."

Didas aliipindua meza. Beseni lilimpasukia Revelian kifuani, asidi ikamrukia usoni. Bastola ililia mara moja, ikatoboa dari. Revelian, mbwa yule, alianguka akijikwangua macho, na Didas hakumwonea huruma hata chembe.

IJUMAA, SWALA

Alimbeba shemeji yake mgongoni, akatoka. Za mwizi arobaini, lakini za hawa hazikufika hata wiki. Barabara nzima ilikuwa mikeka. Msikiti ulijaa, watu wakamwagika nje hadi njia panda, safu kwa safu, wamesujudu. Gari alimongojea Benson halikuwa na pa kupita.

"Wametoka wapi hawa?" Benson alibwabwaja. "Jumanne nilipopita hawakuwepo!"

Akashuka, akatokomea vichakani na funguo mkononi.

Imamu alitoa salamu. Vichwa viligeuka kulia, kisha kushoto, na kushoto ndiko walikokuwa Didas na Jonas.

"Shemeji, nakufa," Jonas alinong'ona.

"Hufi. Nimeapa."

Didas aliwafuata watu wale wale aliotakiwa kuwakimbia. "Maji, jamani! Mwizi ni mie! Huyu nimemlazimisha! Mmwagieni maji!"

Mzee mmoja mwenye kanzu alikimbilia ndoo ya udhu. Nyuma yake kijana alishaokota tofali, na wengine wakainama kutafuta yao. Didas alimlaza Jonas mkekani, akamlalia, akamfunika mwili wote isipokuwa mikono. Maji yalipoanza kutiririka juu ya mikono ile, tofali la kwanza lilimpata kisogoni.