Filamu Aliyoipitisha Shahida

Yusra, mtoto wa miaka minane, alianza kuitika "naam" bila ya kuitwa na mtu. Mara ya kwanza mama yake, Shahida, alidhani anacheza. Mara ya tatu alimkuta sebuleni ameukabili ukuta, katulia kama anayepokea maagizo, na chumba kizima kinanuka chokaa mbichi.

"Nani anakwita, mwanangu?"

"Bibi wa ukutani. Anasema wewe unamjua."

Uso ukamuwaka Shahida. Alikuwa anamjua kweli.

Kazi yake ilikuwa kukagua filamu na kuzipangia umri wa watazamaji. Mwezi uliopita ililetwa filamu kongwe, ya mwanamke aliyejengewa ukutani angali hai, ionyeshwe tena katika ukumbi mmoja wa Mji Mkongwe. Wazee bado wanahadithia ilivyokuja enzi zao, watu wakakimbia sinema na kuacha viatu. Shahida aliitazama robo saa, akatoka. Barazani wenzake wanaume walikuwa wakinywa chai. Akaona haya kusema kuwa ameogopeshwa na picha isiyo hata na rangi. Akajaza fomu: kuanzia miaka saba. Jumapili alasiri Yusra akaenda kuitazama na mabinti wawili wa jirani, maana mama yake ndiye aliyesema inafaa.

Hayo hakumwambia mumewe, Muhiddin. Hakumwambia hata pale mtoto alipokataa chakula, wala alipoanza kuparura ukuta kwa kucha na kula kilichobanduka, wala asubuhi ile walipoamka wakasikia kitu kinagonga ndani ya ukuta, taratibu, kikihama chumba hadi chumba, na kila kikigonga mtoto anacheka.

Mchana wake akaletwa Bi Kidawa, mganga wa Makunduchi. Alifukiza ubani, akasoma, akamshika Yusra kisogoni.

"Unataka nini? Mbuzi? Nguo?"

Sauti ilikuwa ya mwanamke mzima, na midomo ya mtoto haikwenda nayo pamoja.

"Sitaki mbuzi. Mwenye nyumba kanifungulia kwa kalamu yake. Naaseme."

Muhiddin akamgeukia mkewe. "Anasema nini huyu, Shahida?"

"Sijui."

Hapo Yusra akakakamaa, macho yakapinduka, na vumbi jeupe likaanza kumtoka kinywani, jingi, likimziba pumzi, huku baba yake akimpigapiga mgongo na kumwita Mola.

"Sikuitazama yote!" Shahida akapiga kelele. "Nliogopa, nkatoka. Nkaandika tu inafaa. Nliona aibu, Muhiddin!"

Mtoto akapiga chafya, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe. Muhiddin akambeba, asimtazame mkewe. Laiti angegomba.

Bi Kidawa akaukunja mkeka wake. "Hapa katoka. Ukumbini walikuwamo watoto wangapi?"

"Ulijaa," Shahida akanong'ona.

"Basi kila nyumba ukaseme. Mie sikusemei."

Shahida alijitanda buibui, akaenda kwanza kwa Khairat, mama wa wale mabinti wawili. Khairat alifungua mlango na macho yamemvimba kwa kulia, akamshika mikono yote miwili.

"Afadhali umekuja, shoga. Nimewafunga kitandani kwa khanga, wanataka kuumana. Wewe ndiye msomi wetu, nambie, wanangu wamepatwa na nini?"

Shahida akashindwa kuingia. Akakaa chini pale pale kizingitini, akaanza kusema.