Alhamisi za Hafswa

Biashara Street mwisho wa mwezi haina adabu. Hata wanaojuana husukumana, na salamu hutolewa kwa kiwiko. Hafswa alikuwa amejibana mlangoni mwa duka la leso, buibui lake limetariziwa uzi wa fedha mikononi, mtandio wa rangi ya zambarau umemkaa vizuri usoni, akitafuta leso ya kwendea harusi ya binamu yake. Ndipo aliposikia sauti ya kiume nyuma yake.

"Samahani, dada. Nna shida ndogo."

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, kofia ya vito imelala upande kidogo.

"Mamangu ameniagiza leso, nami leso sizijui. Mwili wake ni kama wako hivi. Hebu nambie, hii itamzunguka?"

Ulimi uliponza kichwa. Katika maneno yote ambayo angeweza kumwambia mwanamke yule siku ile, alichagua hayo. Gauni lake la kwendea harusi hiyo lilikuwa limekataa kufunga zipu mbele ya fundi na mashangazi, nao wakacheka. Tangu hapo asubuhi ya Hafswa ilikuwa maji ya ndimu, na mchana wake tango na yai, mambo aliyoyaokota kwenye simu.

"Mwambie mamako aje ajipime mwenyewe."

"Umekasirika? Kwa nini?" Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. "Mamangu akipita mtaani kwetu Kibokoni watu humpisha, kisha wakageuka kumtazama. Mimi nimekusifu."

"Hizo ndizo sifa za Kibokoni?"

"Tuna nyingine, ila hizo hazitolewi dukani."

Hafswa alicheka bila kutaka. Akamchagulia leso ya rangi ya machungwa, naye kijana akapata leso ya mamake na nambari ya simu kwa safari moja. Jina lake lilikuwa Ubaid, fundi wa mitambo ya barafu pale bandari ya samaki ya Liwatoni, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: kuuliza.

"Hafswa, mbona paka wa kwetu Kibokoni hawaogopi watu, na wa kwenu Bondeni wakimbia?" alimpigia simu kuuliza.

"Kwa sababu nyinyi mwawapa samaki. Sisi twawapa viatu."

"Na wewe, roho yangu, nikikupa samaki utakimbia?"

"Jaribu uone."

"Basi nakupitia leo baada ya kazi. Kuna mahali wachoma changu, wallahi utajiuma vidole."

Hafswa akasogea dirishani. Kula mbele ya mwanamume huyu, yeye na tumbo lake hilo? Nje jua lilikuwa kali, na siku ilikuwa Alhamisi.

"Leo siwezi," alisema. "Nimefunga."

Uwongo ulitoka laini, bila kukwama popote. Ubaid akamwombea kheri. Jumatatu alipomwalika tena, Hafswa alikuwa amefunga tena, kwa kuwa siku hizo mbili ni za saumu ya sunna na hakuna amwulizaye mtu sababu. Siku nyingine alikuwa "ameshakula ofisini". Walitembea pamoja, wakaketi ufukweni Mama Ngina wakitazama meli zikiingia, wakacheka mpaka watu wakageuka, lakini Ubaid hakuwahi kumwona akitia hata njugu kinywani.

Ukweli ni kwamba Hafswa alikula, na alikula akajiogopa. Akitoka kazini, katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, hupita Bondeni. Viazi karai kwa huyu, sambusa kwa yule, kaimati kwa mama wa kona, mahamri duka la mbele, ili asiwepo muuzaji mmoja anayejua jumla. "Tuna wageni," husema kila mahali. Kisha hupanda chumbani kwake, nyumbani kwa kakake, akafunga mlango na kula mbiombio, asisikie ladha, mpaka tumbo liume, na hata hapo mkono hurudi mfukoni wenyewe. Baadaye hulia na kuapa kwamba kesho hatakula kitu. Na kesho njaa humrudisha palepale. Ndani ya buibui lile zuri aliishi mtu aliyejichukia, wala hakuna aliyejua.

Siku moja Ubaid alipiga simu na furaha tele.

"Mamangu nimemweleza habari zako. Asema binti wa siku hizi anayefunga Jumatatu na Alhamisi ni wa kung'ang'aniwa. Ataka uje ufuturu kwetu Alhamisi hii. Utakuja, kipenzi?"

Angekataaje? Hafswa akapata wazo ambalo mwenyewe aliliona la werevu: Alhamisi hiyo angefunga kweli. Angalau mara moja uwongo wake uwe na miguu.

Hakula daku, na siku iliyotangulia alikuwa ameishi kwa tango lake. Alasiri ilipoingia, akiwa ndani ya dera la hariri ya kijani, manukato shingoni, kichwa kikimzunguka, alikatiza Bondeni. Mafuta yalikuwa yakichemka kila kona. Akakumbuka kwamba haendwi kwa watu mikono mitupu. Angemnunulia Bi Mwanarusi, mamake Ubaid, kaimati na katlesi. Alinunua, akaingia kichochoro kando ya duka la dobi ili aufunge mfuko vizuri, na ndani ya kichochoro kile akala moja. Ya pili hakuikumbuka, wala zilizofuata.

"Hafswa?"

Ubaid alikuwa amesimama mdomoni mwa kichochoro, mikate ya mofa imefungwa gazeti mkononi. Mamake alikuwa amemtuma. Alimwona na shira kidevuni, na mfuko uliokwisha nusu. Magharibi ilikuwa bado.

Akaangalia pembeni kwa haya. "Labda una udhuru," alisema polepole. "Mambo ya kike. Mimi si wa kuuliza hayo."

Njia ilikuwa wazi. Angeitikia kwa kichwa tu, na yote yangekwisha. Lakini alikuwa amechoka, amechoka hata na uwerevu wake mwenyewe.

"Sina udhuru, Ubaid. Sijafunga hata Alhamisi moja. Leo nalijaribu."

"Na Jumatatu?"

"Wala Jumatatu."

"Basi mimi na mamangu ulituambia nini? Na kwa nini?"

"Sijui."

"Sijui si jibu, Hafswa."

"Ndilo nililo nalo."

Ubaid alilikunja upya gazeti la mikate. "Mamangu ameshaandaa," alisema, akaondoka na mikate yake. Kwake mambo yalikuwa wazi: mwanamke huyu hakumtaka, na ili asikae naye sahani moja alikuwa tayari kuifanya ibada kisingizio. Hafswa naye alijua kwamba hivyo ndivyo atakavyofahamu, lakini aliona aibu kumrekebisha. Simu zikakatika.

Siku zilizofuata alikula zaidi, hata ofisini, akificha vitafunio kwenye droo. Aliyemkamata hakuwa wa nyumbani, alikuwa Beryl Awino, mzaliwa wa Kisumu, aliyekaa meza ya pili ofisini.

"Hiyo droo yako ya chini najua iko na nini," Beryl alimwambia siku moja wengine walipoenda chakula. "Usinikasirikie. Mimi nilikuwa na yangu, nikiificha nyuma ya faili za meli."

Hafswa alitaka kukana. Badala yake akauliza, "Uliachaje?"

"Sikuacha peke yangu. Jumamosi twende nikuonyeshe."

Jumamosi hiyo waliwakuta wanawake wachache katika chumba cha juu cha kliniki moja, chai mezani, na muuguzi mmoja mcheshi aitwaye Nasipwondi. Swali lake la kwanza kwa Hafswa lilikuwa, "Asubuhi umekula nini?"

"Maji ya ndimu."

Wanawake wakaguna, maana kila mmoja aliyajua maji hayo.

"Mwili wako haujui kwamba unajipunguza kwa ajili ya harusi," alisema Nasipwondi. "Unajua umenyimwa tu. Ukiunyima mchana, jioni utakuja kudai, na utadai na riba. Hiyo shida ina jina, na watu wanapona. Lakini uanze kwa kula asubuhi."

"Nikila asubuhi si ntanenepa?"

"Hebu tuone. Na ile hamu ikija, usipigane nayo wala usijitukane. Iulize: wewe ni nani, umetoka wapi, wataka nini? Kisha mpigie mtu simu, yeyote usiyemficha."

Hafswa alirudi nyumbani akiwaza. Alikuwa amejilaumu kwa miaka, lakini kujiuliza hakuwahi. Akaanza kunywa uji na kula muhogo kabla ya kazi, akashangaa kuona njaa ya jioni imepungua makali. Alipoichunguza, aligundua hamu huja hasa siku ambazo mtu ametaja mwili wake. Siku nyingine alishinda, siku nyingine alishindwa, naye Beryl akapokea simu za siku zote mbili. Gauni la harusi lilitanuliwa na fundi, na harusi ikapita.

Alasiri moja shangazi mmoja alimwambia mbele ya watu kwamba unene wake ndio uliomkimbiza Ubaid. Hafswa akajikuta chumbani na mfuko wa kaimati kitandani. Simu ya Beryl haikupatikana. Alizunguka chumba, akaketi, akasimama, kisha akapiga ile nambari aliyoikwepa muda wote.

"Hafswa." Sauti ilikuwa baridi.

"Usikate, Ubaid. Nna mfuko wa kaimati mbele yangu na nnaogopa."

"Waogopa kaimati?"

"Nnaogopa kwamba nikianza sitaweza kukoma. Ndivyo nilivyokuwa siku ile. Nalikwambia nimefunga ili usinione nikila. Sikuwa nakuchezea, wala mamako. Mimi hujinyima mchana kutwa, kisha hula kwa kujificha mpaka naugua, nami nalikuwa nikiwaza kwamba ungejua ungeniona uchafu."

Hafswa alisikia mtambo wa barafu ukinguruma nyuma ya Ubaid, kisha mlango ukifungwa na kelele kupungua.

"Njaa hiyo ikoje?" aliuliza. Ilikuwa sauti ile ya mlangoni mwa duka.

"Si ya tumbo. Ni mtu anayebisha hodi wala haondoki."

"Na sasa hivi yuabisha?"

"Yuabisha."

"Amekuja na nani? Nani amemleta leo?"

Hafswa akamsimulia maneno ya shangazi, akalia, akasimulia zipu, chumba cha juu, Nasipwondi na uji wake. Ubaid aliuliza, akauliza tena. Mwishowe Hafswa, aliyekuwa akizila moja moja huku akisimulia, akasema, "Nimekula chache. Nyingine sizitaki."

"Zilikuwa tamu?"

Swali lilimshangaza. Akatafuta kinywani mwake, na kweli ladha ilikuwapo. "Tamu," alisema. "Zina iliki."

"Mimi sikukasirikia chakula, Hafswa. Nalidhani wanikimbia mimi. Nimekutamani mpaka mafundi wenzangu wamechoka kunisikia."

"Nami nimekutamani."

"Basi njoo Jumapili, kwa chakula cha mchana. Mamangu mwambie mwenyewe. Mimi ntakaa kando yako."

Bi Mwanarusi alimpokea kwa uso uliokunjuka nusu tu. Hafswa hakungoja. Alimwambia yote, macho chini, vidole vikikunja ncha ya mtandio.

"Nalikupikia tambi, mbaazi na kuku wa kupaka siku ile," alisema Bi Mwanarusi. "Wakala majirani. Mimi sikula, kwa hasira." Akavuta mkeka, akaketi karibu zaidi. "Njaa gani hiyo, mwanangu? Mimi siijui. Hebu nieleze."

Hafswa akaeleza tena, mara hii bila machozi. Likaja sinia la wali wa nazi na mchuzi wa samaki, wakalizunguka. Alikula polepole, mbele ya macho ya watu, akisikiliza tumbo lake kama Nasipwondi alivyomfunza. Bi Mwanarusi akainua upawa.

"Ongeza, mamangu. Hujala kitu."

"Mama, mwache," alisema Ubaid.

"Nimwache vipi, naye ni mgeni wangu?"

Hafswa aliweka kiganja mbele ya upande wake wa sinia. "Nimeshiba, mama. Alhamdulillah." Na alikuwa ameshiba kweli. Bi Mwanarusi alimtazama kwa shaka, kisha wali ule akaumimina upande wa mwanawe.

Baadaye Ubaid alimsindikiza hadi mlangoni.

"Nitume wazee kwenu, Hafswa?"

"Kuna siku ntashindwa tena. Wajua?"

"Siku hiyo utanipigia?"

"Ntakupigia."

"Basi nitume?"

Hafswa alitengeneza mtandio wake, akamwacha kijana asubiri kidogo. "Watume. Waje mchana, tule nao."

Ubaid akacheka. "Anayeposwa hakai na wazee. Hujificha chumbani mpaka waondoke. Hujui ada?"

"Naijua," alisema Hafswa. "Lakini mimi nimejificha kutosha. Ntakula sebuleni."