Mbuzi Asiyelala Zizini

Kila asubuhi Nthiga alikoroga uji wa mtama kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alimzuia binti yake Wambura asikaribie moto. Ndiyo maisha ya mwanamume aliyefiwa. Mkewe alikufa akisubiri gari la wagonjwa, lile ambalo wakubwa huliahidi kila uchaguzi. Wambura sasa alikuwa na miaka minne.

Baada ya uji walishuka soko la Ishiara. Nthiga aliuza ndengu. Mtoto alishinda kwa Zuleka, ambaye watu humwita Mama Amira, katika kituo chake cha kulelea watoto nyuma ya maduka. Hapo palikuwa na msaidizi mpya, Kinya, msichana wa ukoo wa marehemu mkewe. Nthiga alifurahi. Nani atamlea mtoto kuliko damu ya mama yake?

Lakini siku moja alipoinua mwiko, Wambura alificha mikono kwapani. Akakataa uji. Kesho yake, vilevile. Mgongoni mwa mkono wake kulikuwa na kidonda kibichi, kirefu kama kidole.

"Alishika sufuria," Kinya alisema akicheka. "Mtoto wako ana haraka kama nyuki, Baba Wambura."

Nthiga aliutazama tena ule mkono. Anayeshika sufuria huungua kiganja. Mgongo wa mkono unashikaje sufuria?

Siku ya soko, Nyamu, mchuuzi wa mbuzi kutoka ng'ambo ya mto, alimwona Kinya akipita na mtungi wa maji.

"Kumbe huyu alihamia kwenu?" Nyamu akauliza. "Si ndiye alimchoma mtoto wa mwalimu kwa mwiko? Watu wake walitoa mbuzi wawili na asali. Mambo yakaisha."

"Na polisi?"

"Polisi wa nini, wewe? Chifu wetu mwenyewe alikuwepo. Tena alipewa paja!"

Nthiga hakusubiri kufunga gunia. Alikimbia.

"Mama Amira! Mtoto wangu yuko wapi?"

Wambura alikuwa kwenye mkeka, mzima. Nthiga alimbeba, akasimulia aliyoyasikia. Zuleka akakimbilia kabati, akatoa karatasi.

"Lakini ana cheti cha tabia njema! Nilimpeleka Embu mimi mwenyewe. Wakachukua alama za vidole. Jibu likaja safi!"

Kendi, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuwa hapo akipima watoto uzito. Aliweka mizani chini.

"Cheti si mganga, Mama Amira. Kinasema yale ambayo polisi na korti wanayajua. Kama angehukumiwa kwa kumchoma yule mtoto, ingeonekana, na hangefaa kazi hii. Lakini mbuzi haingii kwenye kompyuta. Kesi ikiliwa nyama, imezikwa."

"Hao wakubwa!" Nthiga akafoka. "Kazi yao ni kula tu!"

"Chifu alikula, ndiyo. Na wazee wakala, na majirani wakalamba vidole. Mama Amira, ulimpigia simu aliyemwajiri kabla yako?"

Zuleka aliinamisha kichwa. "Alisema namba ilipotea. Nikaona ni mtu wa kwao Baba Wambura. Ningeuliza nini tena?"

Maneno hayo yalimchoma Nthiga. Hata yeye hakuuliza.

Kendi alichuchumaa mbele ya mtoto. "Mkono unauma, mama?"

"Nilimwaga uji," Wambura akanong'ona. "Mwiko ulikuwa na moto."

Kendi hakumuuliza zaidi. "Usimhoji njiani," alimwambia Nthiga. "Mpeleke hospitali sasa hivi, daktari aandike alichoona. Kisha polisi. Mtu akikuzungusha, piga 116. Hiyo ni simu ya watoto, na ni bure."

Hospitali ilichukua muda. Waliporudi nyumbani kuchukua shali ya mtoto, jua lilikuwa linashuka. Langoni alikuwa amefungwa mbuzi dume mweupe. Kando yake aliketi baba mkwe.

"Mkwe wangu," mzee akasema, "Kinya amekimbilia kwangu. Amekosa. Tumeleta mbuzi. Akilala zizini kwako, umesamehe, na hakuna atakayefungua mdomo tena. Hata chifu wa ng'ambo amesema hivyo."

"Huyo tunajua alikula paja."

"Basi nenda polisi! Lakini ukipatwa na msiba, usituite."

Nthiga hakuwa na ndugu. Akifa yeye, Wambura angebaki na nani? Alimtazama mtoto. Mkono wenye bandeji ulikuwa umefichwa kwapani. Akamfikiria yule mtoto wa mwalimu. Kama baba yake angewakataa wale mbuzi, mkono huu ungekuwa mzima. Na yeye akimpokea huyu, mkono gani utafuata?

Alimfungua mbuzi, akampandisha Wambura mabegani, akaelekea sokoni. Mzee alimfuata akilalamika.

"Nthiga, dume hilo bei gani?" mtu akapiga kelele.

"Haliuzwi. Linarudi kwao."

Mbele ya kituo cha polisi alimpa mzee kamba. Kisha akaingia ndani.

Afisa wa zamu alisema aje kesho. Nthiga alitoa simu, akaanza kubonyeza 116. Afisa akakumbuka kwamba alikuwa na kalamu.

Kinya alishtakiwa. Yule mwalimu wa ng'ambo alikuja kortini na mtoto wake, akasema yote. Kinya alihukumiwa. Sasa popote atakapoomba kazi ya watoto, vidole vyake vitamsema.

Zuleka naye amejifunza. Anataka cheti, ndiyo, lakini pia anampigia simu mwajiri wa zamani. Asiye na namba ya mwajiri hapati kazi. Awe binamu, awe wa kanisa, awe wa msikiti. Na mzazi anaingia saa yoyote bila kubisha.

Baba mkwe bado hajaja. Mama mkwe alikuja peke yake na kuku, akamshika Wambura mkono ule wenye kovu.

Na asubuhi moja Nthiga alisahau kwamba mtoto anauogopa mwiko, akauinua mbele yake. Akataka kuushusha. Wambura alitoa mkono kwapani, akaunyoosha.

"Baba," akasema, "nipe niulambe."