Bawabu Aliyegoma

Mshonaji alikuwa akipiga pasi gauni la mteja, mama mkwe wake akamwita kutoka sebuleni. Mtandao ulikuwa haukamati.

Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi. Saa nne daktari wa moyo, aliyekuwa mji wa mbali, angezungumza na mama kwa video. Miguu ya mama ilikuwa imevimba siku tatu mfululizo, na daktari alitaka kuiona kwa macho yake. Miadi hiyo waliisubiri mwezi mzima. Simu ya mkononi haikufaa, kwani mle ndani picha iliganda na sauti ikakatika.

Mshonaji alikimbilia kwenye korido. Chini ya rafu palikuwa na kompyuta ya zamani. Mumewe, dereva wa lori, aliifanya mlinzi wa mtandao wa nyumba. Waya mmoja uliingia kutoka kwenye kisanduku cha kampuni ya mtandao. Wa pili ulikwenda kwenye vifaa vya ndani. Kila kilichoingia kilikaguliwa hapo kwanza, ndiyo maana walimwita Bawabu. Mume alikuwa safarini, na simu yake haikupatikana.

Taa za Bawabu ziliwaka. Mshonaji alimzima, akamwasha. Wapi! Akashika waya wa nje ili auchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta yake ya kazi, alimohifadhi vipimo na malipo ya wateja. Kisha akasita, akaenda kumwita jirani yao, fundi wa kompyuta. Fundi alikuja na kandambili zake, kikombe cha chai mkononi.

"Dada, usimwondoe mlinzi," alisema. "Kitasa kikigoma, hung'oi mlango. Ukichomeka hivyo, mwizi wa mtandaoni anaweza kuingia hadi kwenye siri za wateja wako."

Mshonaji alimwambia muda unakwenda.

"Ndiyo maana tutagusa kitu kimoja kimoja. Ukigeuza vitano kwa pamoja, hutajua kipi kilikuwa kibovu."

Fundi alianzia kwenye kisanduku cha kampuni. Taa zake zilionyesha laini ni nzima. Akamchomekea Bawabu kioo na kibodi, akamwamuru aite kompyuta iliyo nje, mtandaoni. Hakuna jibu. Akamwamuru aite kompyuta ya ndani. Hakuna jibu. Saa nne kasoro dakika kumi.

"Pande zote mbili zimekufa kwa mpigo, na taa zinawaka," fundi alisema. "Nani amegusa nyaya hizi?"

Mshonaji alikumbuka. Jana yake usiku, kabla ya kulala, alifuta vumbi hapo. Alichomoa nyaya zote mbili, akazirudisha. Zilifanana kama pacha.

"Ni mimi," alisema.

Fundi hakucheka. Alihamisha kila waya kwenye tundu la mwenzake, akamwasha Bawabu upya. Wakasubiri. Mshonaji alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Mwanangu, kaa," mama mkwe alisema. "Daktari akitokea, atadhani mgonjwa ni wewe."

Saa nne kamili uso wa daktari ulitokea. Alimwomba mama abonyeze mguu kwa kidole. Shimo likabaki, dalili ya maji kujaa mguuni. Daktari alibadilisha dawa, akamtaka apimwe damu siku hiyohiyo.

Kabla ya kuondoka, fundi alimfundisha mshonaji kufunga uzi mwekundu kwenye waya wa nje, na kutia alama nyekundu kwenye tundu lake.

Baada ya wiki mbili, mama alivaa tena viatu vyake vya kamba, vilivyokuwa havimwingii. Alivifunga mwenyewe.