Bunduki za Mbao za Mwalimu Gitau

Stoo ya shule ilikuwa tupu. Inspekta Musembi aliitazama, akamgeukia Mwalimu Gitau, akashusha pumzi.

"Umeniita kwa ajili ya bunduki za mbao?"

"Zimeibwa zote, Inspekta. Na mchezo ni kesho."

Garissa nzima ilizipenda filamu za Sajini Radi, zilizoletwa na gari la sinema. Gitau alikuwa amezigeuza kuwa mchezo wa jukwaani: Sajini, majambazi, hata farasi, ambaye alikuwa walimu wawili ndani ya blanketi.

Musembi hakucheka. Jana lori lilikuwa limekanyaga bomu la waasi wa shifta njia ya Bura, na maiti walikuwa bado wanamngoja. Lakini bunduki hizo zilipakwa rangi vizuri mno. Gizani, askari asingezitofautisha na za kweli.

Alikagua kufuli. Halikuvunjwa.

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi. Na Zeinab, anayetushonea mavazi. Lakini Zeinab ni mtu mpole sana."

"Sikukuuliza upole wake."

Nyuma ya stoo palikuwa na jiko la shule. Musembi alichakura jivu kwa kijiti. Ikatoka misumari, kisha kipande cha bati kilichokatwa mfano wa kifyatulio. Akavitia kwenye bahasha ya ushahidi na kuelekea mtaa wa Waberi, nyumbani kwa Zeinab.

Alimkuta Zeinab kwenye cherehani, akishona koti la jambazi. Musembi akamwaga misumari juu ya meza.

"Unaijua hii, mama?"

"Ni ya bunduki za mwalimu, afande."

"Nani amezichoma?"

"Mimi."

Musembi alikuwa amejiandaa kusikia uongo wa saa nzima. Ukweli huo wa haraka ulimkera zaidi.

"Nani alikutuma? Shifta?"

"Hakuna mtu alinituma."

"Basi kwa nini? Nina watu waliokufa kweli, mama. Wewe unanipotezea asubuhi kwa kuni."

Cherehani ikanyamaza.

"Mume wangu Jama alikuwa na fimbo ya ngamia," Zeinab alisema kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Jioni, njia ya Bura. Askari akaona bunduki, akabiga. Walikuja kuniambia bole. Sasa mdogo wangu Guleid ni mkubwa wa majambazi kwa mchezo. Kesho atatoka gizani, anabiga kelele, bunduki mkononi. Na mbele wamekaa nani?"

Musembi alijua. Viti vya mbele vilikuwa vya wanajeshi, na wakati ule hakuna mwanajeshi aliyeacha silaha kambini.

"Ungemwambia mwalimu."

"Nilimwambia. Akasema kwa sinema hakuna mtu anakufa kweli. Nikamwambia Guleid, akacheka. Wallahi, afande, nifunge tu. Lakini yeye hatashika bunduki."

Musembi aliokota misumari yake, akatoka bila kumfunga mtu.

Gitau alikuwa akimngoja langoni mwa shule. "Umemkamata mwizi?"

"Nilikaribia kuja kukukamata wewe."

"Mimi?"

"Kesho taa zitawaka zote. Guleid atatoka mikono mitupu, ameiinua juu, kila askari aione."

"Lakini Inspekta, jambazi gani hutoka hivyo? Mchezo utaharibika."

Musembi alikuwa keshapanda Landrova.

"Uharibike," alisema, akawasha gari.