Uso wa Runinga na Kisogo Chake

Kila alasiri Orlane alirudi kutoka shuleni, akajaza bidoni, dumu lake la maji, bombani, akafua soksi zake, kisha akatoka uani kuwachokoza wenzake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na ulimi wake haukujua likizo.

Zamani watoto wa ua ule wa mtaa wa Jabe walikwenda mtaa wa Rohero kwenye ukumbi wa michezo ya runinga. Tangu risasi zianze kulia milimani hata mchana, mama zao walikataa katakata. Basi wakaamua kujitengenezea mashine yao: sanduku refu la mbao, unasimama mbele yake, unabonyeza vitufe huku ukitazama kioo. Consolée, jirani yao, alitoa mashine ya michezo aliyoletewa na kaka yake. Mjomba Gélase, seremala, aliunda sanduku kwa vipimo alivyopewa na Orlane.

Ikabaki kuchagua runinga. Nyumbani kwao Orlane ilikuwepo ndogo, isiyoonyesha rangi.

"Hiyo ni ya mababu," Orlane alisema. "Hata mpira ukichezwa humo, unakohoa."

Alitaka ile kubwa ya rangi ya Mama Daphrose, mshonaji. Mama Daphrose aliishi peke yake, akategemea habari za runinga hiyo kujua njia zipi ni salama. Hata hivyo alikubali kuwaazima kwa Jumapili moja. "Muirudishe nzima, watoto wangu," alisema.

Jumapili ilipofika, Orlane na rafiki yake Moïse waliibeba wakihema. Uso wa runinga ukaingia sandukuni kama bwana harusi kanisani. Kisogo kikabaki nje! Orlane alikuwa amepima uso tu.

"Inafanana na wewe, Moïse," akatania.

"Kisogo changu kimejaa akili. We ungepima kwa akili hiyo, tungekuwa tunacheza saa hii!"

Wenzao wakaangua kicheko. Orlane akaona haya, akachukua bisibisi. Aliona kwamba akitoa kifuniko cha nyuma, runinga itapungua unene. Skrubu moja iligoma. Akailazimisha, na plastiki ikapasuka kwenye kona: ta! Kifuniko kikatoka. Akapeleka mkono ndani.

"Wee Orlane! Toa mukono!"

Alikuwa Papa Moïse, baba yake Moïse, aliyekuwa akifundisha fizikia mji wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, kabla ya kukimbia vita.

"Waya tumeuchomoa, Papa Moïse. Itaniuma kwa meno gani?"

Papa Moïse hakucheka. "Maji yakikatika bombani, bidoni lako linakauka?"

"Apana."

"Ni hivyo hivyo. Humo ndani umeme unabaki hata runinga ikiwa imezimwa. Ungegusa nyuma ya kioo, ungeweza kufa hapa hapa, mbele ya wenzako."

Orlane aliutoa mkono, akaweka bisibisi chini. Papa Moïse alirudisha kifuniko mwenyewe, taratibu, ufa ukaonekana wazi konani. Alipokwenda kunawa, Moïse akanong'ona, "Tukiirudisha, tuigeuzie kisogo ukutani. Mama Daphrose hataona."

"Ataona siku moja, na mimi nitakuwa nimekula ugali wake mara ngapi?" Orlane akajibu. "Nyanyua upande wako."

Nyumbani kwake, Mama Daphrose alisikiliza habari yote kutoka kwa Orlane. Papa Moïse, aliyewafuata, aliikagua runinga, akaiwasha. Picha ikatokea, safi. Ndipo Mama Daphrose alipoishika mikono ya Orlane, akaigeuza huku na huku kama kitambaa anachotaka kukinunua.

"Kifuniko nitakibandika na gundi," akasema. "Vidole hivi ningevibandika na nini?"

Orlane akalia. Alimshukuru yeye, akamshukuru Papa Moïse, na Moïse naye, ingawa ushauri wake haukuwa wa kushukuriwa.

Jioni, kabla ya saa ya kutotoka nje, runinga ndogo ya kina Orlane ilikaa sandukuni juu ya kipande cha mbao, imara kabisa. Kwa kuwa haikuwa na rangi, kila mtoto alidai timu yenye jezi nyekundu ni yake. Kelele zikajaa uani, na mama mmoja mmoja akachungulia akitabasamu.

Orlane alimwachia Mama Daphrose zamu yake. Mama huyo akafungwa mabao matano, akacheka hadi kilemba kikamlegea.

"Sikilizeni," akasema akikifunga upya. "Chombo usichokijua ndani, uliza kabla hujakifungua. Na ukiharibu cha mwenzako, nenda ukamwambie kwa mdomo wako. Orlane ameniletea runinga yenye ufa, lakini kesho akija kuazima kitu, nitampa."